OFA TATU MKONONI: KIJANA ACHAGUE IPI?

(Nakala ya mada iliyotolewa mbele ya vijana na wazazi baada ya swala ya Tarawehe. Imefupishwa kidogo kwa ajili ya jarida.)



Wazee wangu waheshimiwa, mama zetu, dada zangu na ndugu zangu. Nimepewa nusu saa, na najua watu wamechoka na wengine wana daku ya kutayarisha, kwa hivyo sitazunguka. Mada niliyopewa ni hii: kijana ameomba nafasi ya kusomea shahada ya uzamifu, yaani PhD, na Alhamdulillah amekubaliwa si mahali pamoja, bali pawili au patatu. Achague ipi?

Najua kuna anayesema moyoni, "Hilo ni tatizo la raha, mimi sijapata hata moja." Kweli ni neema, lakini neema hii inaweza kumgeukia mtu. Katika shahada ya kwanza, mwalimu mmoja akiwa mbaya wako wengine kumi. Katika PhD, miaka yako minne, mitano, hata sita, imo mikononi mwa mtu mmoja au wawili. Wapo vijana walioondoka na karamu ya kuagwa wakarudi kimya bila kumaliza, na si kwamba akili ilikuwa ndogo. Hawakuuliza maswali kabla ya kutia sahihi. Na miaka hii Ramadhan yetu inaangukia Februari na Machi, ndio msimu wenyewe wa barua hizi, kwa hivyo mada imekuja wakati wake.

Tuchukue mfano. Tuseme binti wetu hapa Mombasa ana uzamili wa baiolojia na anataka kutafiti ugonjwa unaosumbua watu wa pwani. Ana barua tatu. Ya kwanza imetoka chuo cha Uingereza ambacho jina lake hata muuza kahawa hapo nje analijua. Wamemkubali, lakini ufadhili utalipa karo kwa kiwango cha wenyeji tu. Ya pili ni ya chuo cha Marekani ambacho huku kwetu hakuna aliyewahi kukisikia. Karo imesamehewa, na atapewa posho kwa miaka mitano akiwa msaidizi wa kufundisha. Ya tatu ni nafasi katika taasisi ya utafiti hapa hapa Kenya, posho ya miaka mitatu, chini ya msimamizi aliyeufanyia kazi ugonjwa huo kwa muda mrefu.

Nyumbani sasa ni kelele. Mama anataka ile ya kwanza, akienda harusini ataje chuo na watu waitikie. Mjomba anasema, "Twende hiyo hiyo, tutafanya harambee." Kaka anasema Marekani ndiko kwenye dola. Na rafiki zake wanamcheka kwa ile ya tatu: "PhD ya nyumbani nayo ni PhD?"

Mimi nawapa kipimo cha maneno matatu, na tuyafuate kwa mpangilio wake. Pesa ni kizingiti. Msimamizi ndiye mizani. Jina la chuo ni nyongeza. Wengi wetu tunaanza na jina, ndipo tunapoharibikiwa.

PESA NI KIZINGITI

Kizingiti ama umekivuka au hujakivuka. Ofa isiyo na pesa ya kukufikisha mwisho si ofa, ni mwaliko wa kwenda kununua kitu ghali. Na mali bila daftari hupotea bila habari. Basi chukua daftari, uandike majibu ya maswali haya.

Kwanza, ufadhili ni wa miaka mingapi, na PhD hiyo humalizika kwa miaka mingapi? Uingereza ni mitatu hadi minne. Marekani unaanza na masomo ya darasani, unafanya mtihani wa kufuzu, ndipo unaingia utafiti, kwa hivyo mitano au sita ni jambo la kawaida. Uholanzi na Sweden, mwanafunzi wa PhD mara nyingi ni mwajiriwa wa chuo mwenye mkataba na mshahara, kwa kawaida miaka minne. Ukipewa pesa ya miaka mitatu kwa kazi ya miaka minne, mwaka utakaokosa pesa ndio ule wa kuandika tasnifu. Mtu ataandika saa ngapi, na usiku anaosha vyombo mkahawani?

Pili, karo imelipwa yote au nusu? Uingereza mgeni hutozwa karo ya juu kuliko mwenyeji, na upo ufadhili unaolipa kile kiwango cha wenyeji peke yake. Tofauti unabaki nayo wewe, kila mwaka.

Tatu, posho ni ya miezi tisa au kumi na miwili? Vipo vyuo vya Marekani vinavyolipa kwa miezi ya masomo tu. Wakati wa kiangazi ujitafutie, na viza ya mwanafunzi haikuruhusu kufanya kazi popote upendapo.

Nne, pesa inatoka wapi? Ikiwa inatoka kwenye mradi wa profesa, mradi huo unakwisha lini? Na barua ikisema posho "itaongezwa kila mwaka kulingana na maendeleo", hilo ni la kawaida, lakini uliza ni nani anayeamua, na kama wako walionyimwa.

Tano, gharama ambazo barua haizitaji. Nitatoa mfano mmoja wa hesabu. Tangu Februari 2024 mwanafunzi anayeomba viza ya Uingereza hulipa ada ya afya ya pauni 776 kwa kila mwaka wa viza, na anailipa yote kwa mkupuo kabla ya kuondoka. Akiwa na mke na mtoto, kila mmoja hulipa kiasi hicho. Watu watatu kwa miaka minne ni pauni 9,312, na hapo hatujahesabu nauli, wala miezi ya ziada inayoongezwa kwenye viza. Posho ya baraza la utafiti la nchi hiyo kwa mwaka wa 2025/26 ilikuwa pauni 20,780, yaani kama 1,730 kwa mwezi. Kwa kijana mmoja katika mji mdogo inatosha. Kwa familia London ni hadithi nyingine. Na dada zetu walioolewa waangalie hili pia: Marekani, mume anayefuatana na mkewe mwanafunzi kwa viza ya familia haruhusiwi kufanya kazi. Viwango na sheria hubadilika, kwa hivyo angalia vya mwaka wako mwenyewe.

Sasa, mjomba na harambee yake. Ndugu zangu, tusidanganyane. Harambee ya kwanza watu hutoa kwa furaha. Ya pili wanatoa kwa kuona haya. Ya tatu simu hazishikwi. Harambee inafaa kwa gharama ya mara moja, kama viza na tikiti. Pengo linalorudi kila mwaka haliwezi. Ndipo mzee anauza kiwanja, au kijana anaingia katika mkopo wa riba ambao hakuutaka, na masomo yenyewe hayajafika nusu.

Kwa hivyo barua ya kwanza ya binti yetu imekwama kizingitini. Asiitupe. Awaandikie kwa adabu: je, hiyo tofauti ya karo inaweza kusamehewa? Je, wanaweza kumwekea nafasi mwaka mmoja atafute mfadhili mwingine? Kuuliza si utovu wa heshima, vyuo vimezoea. Lakini mpaka jibu lije kwa maandishi, ofa hiyo haijawa ofa.

MSIMAMIZI NDIYE MIZANI

Wajerumani wana neno lao kwa msimamizi wa PhD, humwita Doktorvater, baba wa udaktari. Akiwa mwanamke ni Doktormutter, mama. Hawakulibuni bure. Huyu ndiye atakayesoma kila ukurasa wako, akuandikie barua za kuombea kazi, na akujulishe kwa wenzake. Akikaa na sura yako ya kwanza miezi sita bila kuisoma, umepoteza miezi sita ya umri na ya posho.

Tazameni historia yetu wenyewe. Mwaka wa 1966 Wangari Maathai alirudi Kenya kutoka Marekani akiwa na uzamili wake na ahadi ya kazi chuoni Nairobi. Alipofika akaambiwa kazi kapewa mtu mwingine. Aliyemfungulia mlango ni profesa Mjerumani, Reinhold Hofmann, katika idara changa ya anatomia ya wanyama. Alimpa kazi, na mwaka wa 1967 akamhimiza aende Ujerumani kwa masomo ya udaktari. Alisoma Giessen na Munich, akarudi mwaka wa 1969, na PhD yenyewe akaipata Nairobi mwaka wa 1971, mwanamke wa kwanza Afrika Mashariki na ya Kati kuwa nayo. Tuzo ya Nobel ya Amani ilikuja mwaka wa 2004. Shahada iliandikwa Nairobi, na nyuma yake palikuwa na mwalimu aliyemjua, aliyemhitaji na aliyemsukuma mbele.

Sasa kijana atamjuaje msimamizi mzuri kutoka mbali? Aulize. Ana wanafunzi wangapi wa PhD hivi sasa? Hapa Kenya, miongozo ya Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu ya 2014 iliweka kikomo cha wanafunzi watatu wa udaktari kwa msimamizi mmoja kwa wakati mmoja. Akikwambia ana kumi na watano, jua utamwona kwa foleni. Wangapi wamemaliza chini yake, kwa miaka mingapi, na wako wapi leo? Hukutana na mwanafunzi kila wiki, au kila muhula? Anakaribia kustaafu au kuhama? Akiondoka, nani anakuchukua? Makala ikitoka kwenye jarida, jina lako linakaa wapi?

Maswali haya muulize yeye mwenyewe, kwa simu, usikie sauti. Mtu mzuri hatakasirika. Kisha, na hili msilisahau, zungumza na wanafunzi wake wawili, mmoja aliyepo na mmoja aliyeacha au aliyemaliza. Usiulize kwa barua pepe, watu hawaandiki ukweli wote. Piga simu, uliza swali moja: "Ungeanza upya leo, ungemchagua tena?" Akijibu haraka, umepata jibu. Akinyamaza kidogo halafu akaanza kumsifu kwa vitabu vyake, pia umepata jibu.

Msidhani kwamba mwenye jina kubwa ndiye bora siku zote. Profesa mashuhuri ana barua nzito ya kukuombea kazi, lakini huenda yuko ndegeni. Mwalimu kijana ana wakati na ana njaa ya kazi, lakini huenda mkataba wake mwenyewe haujakuwa wa kudumu. Ukimpata kijana, hakikisha msimamizi wa pili ni mkongwe. Na Marekani vyuo vingi hukukubali katika idara kwanza, msimamizi unamchagua baadaye. Huko swali linabadilika: je, katika idara hiyo wako watu wawili au watatu unaoweza kufanya kazi nao? Akiwa mmoja peke yake, na yeye akihama, umekwenda kuvua bila chombo.

JINA LA CHUO NI NYONGEZA

Sitaki kudharau jina. Jina lina faida: maktaba kubwa, maabara zenye vifaa, wenzako darasani watakaokuwa watu wakubwa kesho, na mwajiri asiyekujua anayeisoma barua yako mara mbili. Mwana wa Mombasa, Profesa Ali Mazrui, alizaliwa hapa mwaka wa 1933, akasoma Manchester, akapata uzamili wake Columbia mwaka wa 1961 na udaktari Oxford mwaka wa 1966. Hakuna atakayesema majina hayo hayakumfaa. Lakini tazameni pia kwamba tangu mwaka wa 1963 alikuwa akifundisha Makerere. Watu wamemkumbuka kwa aliyoyaandika na kuyasema, wachache wanakumbuka cheti.

Na kuna Profesa Calestous Juma, Mkenya aliyefariki mwaka wa 2017. Alianza kama mwalimu wa shule, akawa mwandishi wa habari za sayansi, kisha akasoma udaktari Chuo Kikuu cha Sussex, Uingereza, akaupata. Mtu wa mtaani atauliza, Sussex ni wapi? Lakini katika fani yake ya sera za sayansi na teknolojia, Sussex ilikuwa na kitengo kilichoanzishwa mwaka wa 1966 ambacho wenye fani duniani walikitambua. Mwaka wa 1988 alianzisha kituo cha utafiti wa teknolojia Nairobi, na baadaye akawa profesa Harvard. Hakuingia Harvard kwa kusoma huko. Aliingia kwa kazi yake.

Somo ni kwamba jina lina ngazi mbili: jina la chuo, ambalo linajulikana harusini, na jina la idara, ambalo linajulikana kwa watakaokuajiri. Tafuta la pili. Waulize walimu wako: katika fani hii, ni nani watano wanaosomwa zaidi, na wako wapi?

Na wale wanaoicheka PhD ya nyumbani, nawaomba wafunge safari fupi mpaka Kilifi. Pale kuna kituo cha utafiti cha KEMRI na Wellcome, kilichoanza mwaka wa 1989. Mtu anaweza kufanya utafiti wake wote pale, kati ya wagonjwa wetu wa pwani, na shahada yake ikatolewa na Chuo Kikuu Huria cha Uingereza. Nairobi, taasisi ya wadudu ya icipe ina mpango wa udaktari tangu mwaka wa 1983: utafiti unafanyika pale, na mwanafunzi anasajiliwa katika chuo kikuu. Kwa hivyo mahali pa kazi na jina la cheti vinaweza kuwa vitu viwili mbalimbali. Uliza vyote viwili.

Jambo moja tu kuhusu jina ni la lazima. Hakikisha chuo kinatambuliwa rasmi katika nchi yake, na kwamba shahada yake itatambuliwa hapa ukirudi kutafuta kazi ya uhadhiri. Chuo kinachokubali kila mtu, hakiulizi utafiti na kinadai karo mapema, huko unauziwa mbuzi kwenye gunia.

BASI BINTI YETU AFANYE NINI?

Turudi kwa barua zake. Ya kwanza inangoja jibu la pesa. Zimebaki mbili, na hapa ndipo mizani inafanya kazi. Tuseme amepiga simu. Marekani ameambiwa kwamba pesa ni ya uhakika, lakini katika idara nzima anayetafiti ugonjwa wake ni mmoja, naye anastaafu baada ya miaka miwili. Nyumbani amegundua kwamba msimamizi ana wanafunzi wawili, hukutana nao kila wiki, na waliomaliza kwake wote wanafanya kazi. Upungufu ni mmoja: posho ni ya miaka mitatu, na barua haisemi atasajiliwa chuo gani.

Mimi ningemwambia hivi. Uiandikie taasisi leo. Omba waseme kwa maandishi ni chuo gani kitatoa shahada, na mwaka wa nne utalipwa na nani. Wakijibu vizuri, mama, kaa nyumbani na roho yako itulie. Wakishindwa kujibu, nenda Marekani, lakini kabla ya kutia sahihi uliza idara ni nani atakayekusimamia yule mzee akiondoka. Majibu ya simu yakiwa mengine, uamuzi nao utakuwa mwingine. Kipimo ni kile kile.

Wala asikubali kuharakishwa. Vyuo vingi vya Marekani vimetia sahihi makubaliano kwamba mwanafunzi aliyepewa ufadhili halazimiki kujibu kabla ya tarehe 15 Aprili. Anayekusukuma ujibu kesho asubuhi, muulize kwa upole kuhusu tarehe hiyo. Lakini ukishaamua, waandikie wale wengine siku hiyo hiyo, uwashukuru na uwaachie nafasi yao. Kuna kijana mwingine mahali fulani anaingoja hiyo nafasi unayoikalia. Na aliye mwajiriwa wa chuo hapa nyumbani aangalie likizo yake ya masomo na mkataba wa kurudi kazini unamfunga miaka mingapi.

Wazazi wangu, nina ombi kwenu. Mtoto akija na barua, msimuulize kwanza chuo kinaitwaje. Muulizeni, "Nani atakusimamia, na nani atalipa mpaka mwisho?" Mkimuuliza hivyo, naye atajifunza kuuliza hivyo. Na ninyi vijana, istikhara mtaswali, na hilo ni jema. Lakini istikhara haichukui nafasi ya kupiga simu. Fanyeni uchunguzi, washaurini wanaojua, kisha mswali na mtegemee.

Anayetaka nimsaidie kuisoma barua yake, nitakuwa hapa mlangoni, aje nayo, na aje na daftari.